Wasomaji Wauliza: Kuiandika Ladha ya Mvinyo

SWALI: Sisi ni marafiki wanne. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana, tunafungua chupa ya mvinyo na kuandika kwenye daftari letu la pamoja. Nikirudi kurasa za nyuma nakuta maneno yale yale: "mtamu, laini, una matunda." Chupa yenyewe hata siikumbuki. Tunakosea wapi? – Msomaji, Ganjoni, Mombasa

JIBU: Dada, ndimi zenu ni nzima, utaratibu wenu ndio mbovu. Mnaongea kabla ya kuandika. Wa kwanza akishasema "una matunda", wengine watatu watayasikia matunda hayo hayo. Macho nayo hudanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambamo mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaunusa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Basi ifungeni chupa kwa karatasi ya kaki. Chupa ya mililita 750 inawatosha watu wanne mizunguko mitatu ya mililita 60 kila mmoja. Mzunguko wa kwanza ni kimya: dakika tano, kila mtu na karatasi yake. Wa pili, someni kwa sauti na mbishane. Wa tatu ni wa chakula. Chumba kisiwe kimefukizwa udi siku hiyo, na mafuta ya halud yaacheni nyumbani. Mbele ya hayo, hakuna mvinyo utakaosikika.

Joto nalo linawaibia. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba una maana pale chumba kikiwa na nyuzi 16 hadi 18. Ganjoni mwezi wa Februari ni nyuzi 30 au zaidi, kileo kinapanda puani na kufunika yaliyobaki, na ndiyo sababu moja kila chupa inaonekana sawa na nyingine. Mwekundu utieni friji saa moja au zaidi kabla ya kufungua. Mweupe ni kinyume: ukitoka friji ni baridi mno na haunukii kitu, kwa hiyo mimineni, msubiri kama dakika 10.

Maneno sasa. Msiandike matunda ya lebo ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuyala. Andikeni zambarau, ukwaju, ubuyu, pera lililoiva kupita kiasi, pesheni. Huku si kujishusha, ni usahihi. Gewürztraminer, aina ya mvinyo mweupe, hunukia maji ya marashi kwa sababu una kemikali ile ile iliyomo katika waridi. Mvinyo uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni mara nyingi hunukia karafuu, kwani mbao hizo zina eujenoli, nayo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Pua ya mtu wa Pwani imeshasoma somo hilo jikoni. Ukavu unaokaza ulimi na fizi ni tanini. Atakayeandika "kama bibo" ataeleweka na wote mezani, na hata mwakani.

Chakula pia kiandikwe, maana hubadilisha mvinyo. Pilipili huzidisha ukali wa kileo, chumvi hupunguza uchungu, na mafuta ya nazi katika samaki wa kupaka yanahitaji mvinyo wenye uchachu wa kuyakata. Mkikuta harufu ya boksi lililolowa maji, msijilaumu: kizibo kimeharibu chupa. Ukinukia jemu iliyopikwa, na kizibo kimesukumwa juu, chupa ilikaa juani au kwenye stoo yenye joto.

Halafu jambo ambalo ndilo litakalolipa daftari uhai: kila mmoja aandike mistari mitatu kwa mtu asiyekuwepo, kwa jina lake. Anayemwandikia dada yake aliye mbali hatasema "laini". Atasema nani alikataa kumaliza glasi, mlikuwa mkibishana juu ya nini, na mvinyo ulifanana na nini ambacho dada huyo anakijua.

SWALI: Nafanya kazi mkahawani mwa hoteli Nyali. Mimi ni Mwislamu na sinywi, lakini wageni huniuliza kuhusu mvinyo na ningependa kuweka daftari langu. Je, itakuwa ni uongo? – Mhudumu

JIBU: Suala la kazi yenyewe kidini, ndugu yetu, mpelekee sheikh wako, sisi si mahali pake. Kuhusu daftari: sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, hivyo kuna mengi unayoweza kuyaandika kwa pua yako. Utamu, uchachu, tanini na uzito hujulikana kinywani. Hayo andika kama maneno ya mgeni: "meza ya 6, mzee, asema unakausha." Ukiyadai kuwa yako, hapo ndipo uongo unapoingia.

Ulimi unaweza kuufunza bila kileo. Tengeneza vikombe viwili vya chai kavu, kimoja kwa dakika 3 na kingine kwa dakika 10. Ukavu uliozidi katika cha pili ni tanini. Kisha tia kijiko kimoja cha maji ya ndimu katika glasi ya maji, onja, uongeze vijiko viwili vya sukari. Ndimu haijapungua hata tone, ila sukari imeificha. Ndiyo maana mvinyo mtamu kidogo unaweza kuwa mchachu sana bila mgeni kujua.

Na daima nakili kutoka kwenye chupa aina ya zabibu, nchi, mwaka na asilimia ya kileo. Inafaa kujua kwamba Pinotage, aina ya zabibu nyekundu, ilizalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchavusha mizabibu ya aina mbili, Pinot noir na Cinsaut, na kwamba Dodoma, Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mgeni hupenda mhudumu mwenye jambo moja la hakika kuliko mwenye sifa kumi. Msifu huharibu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

SWALI: Mnazi nao unaweza kuandikwa hivyo, au ni wa kunywa tu? – Msomaji, Mtwapa

JIBU: Unaweza, ila hesabu yake ni ya saa, si miaka. Utomvu huanza kuchachuka ungali kwenye chombo juu ya mti. Ulioteremshwa asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, na ukiachwa siku chache huwa siki. Kwa hiyo kila mara andika saa uliyoteremshwa na saa uliyoonja, kijiji, na kama ni wa asubuhi au wa jioni. Bila saa hizo mbili, kulinganisha mnazi wa Mtwapa na wa Kaloleni hakuna maana. Ukiusafirisha kwa chupa, usikaze kifuniko: hewa inayotokana na uchachukaji huipasua.