Oliviero, adui aliyeangushiwa jumba bovu

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukiweka mtu katili kwenye skripti ili adhaniwe ndiye muuaji, wasomaji wanakwambia mapema kabisa "huyu siye". Ni kwa sababu ukatili wake umeubandika kama pambo. Haumgharimu yeye wala haumnufaishi mtu mwingine. Itazame Il tuo vizio è una stanza chiusa e solo io ne ho la chiave, giallo ya Sergio Martino ya mwaka 1972, uone kazi hiyo ikifanywa vizuri. Nafichua mwisho, asiyeiona aishie hapa.

Giallo, kwa asiyejua, ni filamu za mauaji za Kitaliano. Jina limetoka kwenye majalada ya njano ya riwaya za upelelezi ambazo kampuni ya uchapishaji ya Mondadori ilianza kuzitoa 1929. Adui wetu humu ni Oliviero: mwandishi aliyekaukiwa, mlevi, anaishi kwenye jumba la zamani huko Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, pamoja na mkewe Irina, mtumishi Brenda na paka mweusi aitwaye Satana. Ameigizwa na Luigi Pistilli, yule yule padri ndugu yake jambazi Tuco kwenye filamu ya kauboi Il buono, il brutto, il cattivo.

Anza na sherehe ya mwanzoni. Oliviero anamimina mabaki ya mvinyo kwenye bakuli, kisha anamlazimisha Irina ayanywe mbele ya wageni. Hakuna maiti hata moja bado. Hukumu ya mtazamaji imeshapita, na polisi wakija baadaye kumhoji Oliviero wanakuwa kama wanaandika tu tulichokwisha kuamua. Hapo ndipo wengi mnateleza: mnaonyesha maiti kwanza, halafu mnamleta mkatili. Mtazamaji akiwa tayari anamtafuta muuaji, kila kofi analiona kama chambo. Kwa skripti ya kurasa 90, ukatili wa kwanza uwe umeshatokea ifikapo ukurasa wa 5.

Angalia pia aina ya ukatili wenyewe. Oliviero ni mtu wa hadhara, anataka watu waone. Muuaji wa giallo anavaa glavu na anafanya kazi yake kimyakimya. Hizo ni tabia mbili tofauti, na mtazamaji makini angeweza kumtoa Oliviero kwenye orodha kwa kigezo hicho tu. Hafanyi hivyo kwa sababu ana hasira naye. Ndivyo dokezo la haki, lile linalompa mtazamaji nafasi ya kugundua mwenyewe, linavyofichwa: liweke wazi, ila lizungushie hisia.

Kisha mpe kosa la kweli. Msichana aliyekuwa na miadi na Oliviero anauawa, polisi wanaanza kumzengea. Halafu Brenda anauawa mle mle nyumbani. Oliviero hakumuua, lakini kwa woga anauficha mwili nyuma ya ukuta kule chini ya nyumba. Kuanzia hapo ana siri, anatoka jasho, anadanganya, na uongo wake ni wa kweli kabisa. Mwigizaji hahitaji kuigiza "kuonekana mbaya", maana ana kitu cha kuficha. Mshukiwa asiye na kosa lolote atabaki kukunja uso na kuvuta sigara gizani, na hayo mtazamaji kashayazoea.

Sasa penye utamu. Kila kipigo anachopokea Irina kinamsafisha Irina. Filamu inatupatia hata ushahidi mkononi: anachukua mkasi na kumtoboa paka jicho. Tukio hilo lipo wazi, kamera haikimbii. Ila kwa kuwa tumemwona akidhalilishwa tangu mwanzo, tunasema maskini, amefikishwa pabaya. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ni yeye anayemuua Oliviero, na nyuma yake yupo Walter, mwanaume mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akionekana onekana pembeni. Walter ni Ivan Rassimov, ambaye mwaka 1971 Martino alimtumia kama mpenzi wa zamani mwenye ukatili kwenye Lo strano vizio della signora Wardh. Kwa hiyo wazoefu walimshuku kwa sura tu, wakaona wamemaliza kazi. Irina akapita.

Kuhusu kumsafisha mshukiwa, usimwachie inspekta aje kueleza kwa mdomo. Humu muuaji wa mauaji ya kwanza, mwenye duka la vitabu, ananaswa na kufa akiwa kwenye tendo, filamu ikiwa bado inaendelea. Mtazamaji anashusha pumzi, na hiyo pumzi ndiyo nafasi yako. Ukimsafisha mshukiwa dakika ya 85 umebaki na dakika 5 za maelezo, na kila mtu anaangalia saa. Msafishe kati ya dakika ya 50 na 60, halafu umtumie tena, safari hii kama windo.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, tazama Maciara, mwanamke anayeonwa kuwa mchawi kijijini, kwenye Non si sevizia un paperino ya Lucio Fulci, pia 1972. Anakiri mwenyewe, maana anaamini uchawi wake ndio uliowaua watoto waliouawa pale kijijini. Polisi wanamwachia, wanaume wa kijiji wanamsubiri makaburini na minyororo, redio ikiimba. Pale mshukiwa hamdhuru mtu kwa mkono wake, na ukatili wote unahamia kwa wanaomshuku. Ni ngumu zaidi kuandika, usianzie hapo.

La mwisho ni ule ukuta. Irina anauficha mwili wa Oliviero kwa mbinu ile ile ya Oliviero, ndani ya ukuta, na paka anabaki humo humo akilia hadi polisi wanasikia. Paka huyo katoka kwenye hadithi ya 1843 ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, The Black Cat, lakini Martino ameufanya ukuta uwe wa watu wawili: mshukiwa kaufungua mlango, muuaji kapita humo humo. Kwenye skripti yako, tafuta kitu mshukiwa alichokifanya kuficha kosa lake, kisha mfanye muuaji halisi akiige. Ukikosa kitu hicho, rudi kwenye ile sehemu ya kosa la kweli, hujampa bado.