Mfanyakazi niliyemwachisha kazi anatutishia

Ndugu, nimekuelewa: mtunza stoo uliyemwachisha kazi anatuma meseji kwamba "atawaonyesha", na Ijumaa anakuja dukani kufuata stahiki zake. Usizichukulie kama hasira za kupita.

Leo hii nenda polisi na simu yenye hizo meseji, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Usifute hata moja, wala usimjibu kwa ukali.

Stahiki zake mlipe zote kupitia benki au simu, asiwe na sababu ya kufika. Ugomvi mwingi wa aina hii hukolezwa na mtu kuzungushwa haki yake. Mwandikie pia kwamba akiona ameonewa, ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Wafanyakazi waambie wazi, hasa dada wa kaunta, maana ndiye atakayekutana naye kwanza. Kubalianeni neno la kupeana tahadhari, ondoeni mizigo mlango wa nyuma, na mapanga na nyundo za kuuza zisikae karibu na kaunta. Akitokea, mtu yeyote kati yenu asimkabili: tokeni, pigeni 112.

Kama ametaja silaha au anapajua kwako, polisi waambie hilo kwanza. Na kama hukufuata utaratibu kumwachisha, muone wakili kabla ya Ijumaa.