Mauzo yameongezeka, pesa haionekani: nikope nifungue mabelo manane?

SWALI: Shikamoo kaka. Naishi Tabata, nauza magauni ya mtumba Instagram na WhatsApp. Nilianza peke yangu na belo moja kwa mwezi. Sasa nafungua manne, nina wasichana wawili wa kunisaidia, na oda za mikoani zinatoka karibu kila siku. Belo la kilo 45 nalipata kwa 700,000 na lina magauni kama 180, kwa hiyo gauni moja halifiki 4,000, nami nauza kuanzia 8,000 hadi 15,000. Kwa hesabu hiyo ningekuwa mbali. Lakini kila nikienda kuchukua mzigo mpya pesa haitoshi, naongezea ya nyumbani. Yanayobaki nayaweka kwenye viroba, vimefika kumi na kimoja. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha. Nichukue mkopo nifike mabelo manane, au nianze na tovuti?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeniandikia na namba, na hilo limenifurahisha, maana wengi huishia kusema "biashara imekaza" na hapo mtu hana pa kushika. Mkopo usichukue kwa sasa, na tovuti iache. Pesa yako haijapotea. Imelala kwenye hivyo viroba kumi na kimoja.

Kosa limeanzia pale ulipogawanya 700,000 kwa 180. Hesabu hiyo inachukulia kwamba magauni yote 180 yatauzika, wakati wewe mwenyewe ukikata kamba za belo unaona kwa macho kwamba hayafanani. Tuchukue belo la kawaida: 40 ni namba moja, unayauza 15,000; 80 ni namba mbili, unayauza 8,000; na 60 ni namba tatu, yale yaliyochujuka, yenye zipu mbovu au doa la kwapani, ambayo ukiyatoa kwa fungu unapata 1,500 kila moja. Namba moja inakupa 600,000, namba mbili 640,000, namba tatu 90,000. Jumla 1,330,000.

Sasa toa matumizi. Kulileta belo nyumbani 20,000. Kufua, pasi na mifuko, tuseme 700 kwa gauni kwa yale 120 mazuri, ni 84,000. Safari za boda ambazo mteja hakupokea simu, 60,000. Wasichana wawili kwa 200,000 kila mmoja, ukigawa kwa mabelo manne, ni 100,000. Bando na matangazo 30,000, kodi ya chumba cha mzigo 25,000. Hiyo ni 319,000. Ukiongeza bei ya belo, umetumia 1,019,000, na faida yako ni 311,000. Si mbaya hata kidogo, ila utaipata siku gauni la mwisho litakapotoka.

Wewe hufiki siku hiyo. Namba moja ikiisha na nusu ya namba mbili ikitoka, wateja wanaanza kuuliza "mzigo mpya lini?", nawe unalikimbilia belo lingine. Wakati huo mkononi una 920,000, na umeshatumia 1,019,000. Pengo ni 99,000 kwa belo. Kwa mabelo manne ni 396,000 kila mwezi, na ndiyo hiyo unayoitoa nyumbani. Badilisha namba zangu uweke zako, lakini nina hakika umbo la hesabu litakuwa hilohilo. Ukikopa ufike mabelo manane, na gharama nyingine zikapanda kwa kiwango hichohicho, pengo linakuwa mara mbili na riba inakaa juu yake.

Kwa hiyo fungua daftari, kila belo lipewe ukurasa wake. Juu andika tarehe ya kulifungua na jumla ya ulichotumia, chini andika kila mauzo ya belo hilo. Unachokitafuta ni siku: limechukua siku ngapi kurudisha mtaji wake? Mimi nilijiwekea siku 30. Gauni likipita siku 14 halijauzwa nalipunguzia bei, likifika siku ya 30 linaingia kwenye fungu na kuuzwa kwa jumla kwa wanaopanga chini au wa mnadani. Inauma kuliachia kwa 2,000 gauni uliloliwekea matumaini ya 8,000, naijua hiyo hali. Lakini hiyo 2,000 inaingia kwenye belo jipya na kuzunguka, na ile 8,000 ya kwenye kiroba hainunui hata sabuni.

Kitu cha pili hukukiuliza, ila kitakubana kabla hujafika mabelo manane. Mwenye duka la simu mpya anapiga picha moja anauza simu mia. Wewe kila gauni liko peke yake: lifuliwe, lipigwe pasi, lipigwe picha, lipimwe, liandikiwe bei, lijibiwe maswali. Pima siku moja kwa saa. Likichukua dakika 12, magauni 120 ni saa 24, na mabelo manne ni saa 96 kwa mwezi, kabla hujafunga hata oda moja. Magauni ya namba tatu yasipigwe picha kabisa. Siku ya kufungua belo yatenge hapohapo, yaende kwenye fungu bila kupita kwenye pasi.

Vipimo usiviruke. Saizi ya kwenye lebo ya mtumba haiaminiki, maana gauni limetoka nchi nyingine na pengine limeshafuliwa mara hamsini. Tandaza gauni kwenye meza, pitisha futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kiuno, kisha urefu kuanzia begani, na uandike kwenye maelezo ya picha. Nilipoanza kufanya hivyo, swali la "litanitosha?" lilipungua sana, na nguo za kurudishwa pia.

Kila gauni liwe na namba. Kipande cha karatasi ya gundi ndani ya kola kinatosha: 7-1-023 maana yake belo la saba, namba moja, gauni la 23. Niliona umuhimu wake nilipoanza kutumia simu mbili. Kulikuwa na gauni la njano la vifungo mbele. Mimi nikalipokelea pesa kwa simu hii, msaidizi wangu akalipokelea kwa simu ile, dakika chache mbele. Mteja wa pili alikuwa Iringa, alilitaka la kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Pesa nilimrudishia siku ileile, lakini hakununua tena kwangu, na sikumlaumu. Tangu hapo daftari la mauzo ni moja, na anayeona ujumbe wa malipo anakata namba kwanza kabla ya kumjibu mteja. Anayesema "niwekee" anawekewa saa mbili.

Kuhusu boda: anayepokelea Dar alipe nauli kabla boda haijaondoka. Wa mkoani alipe yote kabla mzigo haujapelekwa stendi ya Magufuli, kisha mtumie picha ya risiti ya basi. Utapoteza wateja wachache, na wengi wao ndio hao wasiopokea simu.

Usitegemee mlango mmoja. Jumia, lile soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na soko la mitumba la Karume hapa Dar liliungua Januari 2022, kwa hiyo uwe na muuza mabelo zaidi ya mmoja, na namba za wateja wako ziandikwe nje ya Instagram. Waombe ruhusa kabla ya kuwatumia matangazo, kwani sheria ya kulinda taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2023. Na mauzo yako, ambayo kwa hesabu hii yanapita milioni 40 kwa mwaka, yanakutaka uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na utoe risiti. Hilo lifuatilie TRA mwezi huu, usisubiri waje.

Anza na viroba. Jumamosi hii waite wasichana wako, mwageni vyote kumi na kimoja sakafuni. Yale ya namba mbili ambayo hayajawahi kupigwa picha yapimwe na yapewe wiki mbili. Yaliyobaki yafungeni ishirini ishirini na muyauze kwa jumla. Hadi hapo usifungue belo jipya. Pesa itakayotoka ndiyo mkopo wako, na haina riba. Kisha fungua mabelo mawili tu, kila moja na ukurasa wake, na baada ya siku 30 niandikie kila moja limerudisha kiasi gani.