Sufuria ya matembele katika nyumba ya chipsi

Wiki iliyopita msichana wa kidato cha tatu anayeishi Mbagala aliniandikia kuniomba ushauri. Nyumbani kwao, anasema, jioni haipiti bila chipsi, soseji, biskuti na soda, na kila anapojaribu kuviacha anaambiwa kwamba anaringa. Ujumbe wake nimeusoma mara nyingi, kwa kuwa neno hilo nami niliwahi kuambiwa, na ninajua linavyochoma.

Nimekulia Tabata, katika nyumba ambayo banda la chipsi liko hatua chache kutoka mlangoni. Mama yangu amekuwa akikaanga tangu nikiwa na miaka sita. Sare zangu, madaftari yangu na nauli yangu ya daladala vyote vimetoka katika karai lile la mafuta, na ninalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba ninamlaumu mama yangu. Hata hivyo, chipsi zilizosalia saa nne usiku ndizo zilizokuwa chakula chetu cha jioni, kiporo chake kikapashwa asubuhi kwa mafuta yaleyale, na kreti za soda zilipangwa sebuleni karibu na kochi kiasi kwamba mtoto alinyoosha mkono tu akapata chupa.

Nikiwa kidato cha pili, gego langu la chini lilioza hadi likang'olewa. Daktari alinishikia kioo nilione shimo lenyewe, jeusi na lenye kingo kali, kisha akaniuliza ninakunywa soda ngapi kwa siku. Nilimjibu mbili, halafu nikakumbuka ile ya usiku, nikasema tatu. Baadaye nilisoma kwamba chupa ya kola ya nusu lita huwa na sukari ya takriban gramu 53, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ilikuwa inanipitisha kipimo hicho mara mbili, nami nilikuwa ninakunywa tatu.

Nikafanya kosa ambalo ninaamini msichana wa Mbagala analifanya sasa. Nilitangaza mbele ya watu wote, chakula kikiwa mkekani, kwamba mimi chipsi basi. Shangazi yangu aliyekuwa amekuja kututembelea akaniuliza, "Kwa hiyo chakula cha mama yako kimekuwa uchafu?" Mama hakusema neno. Aliifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, akaipeleka jikoni. Maneno ya shangazi bado yananiuma hadi leo, lakini kinachoniuma zaidi ni mlio wa sahani zile mbili zilipogusana. Usiku huo njaa ilinishika, nikamaliza pakiti nzima ya biskuti nikiwa nimejificha chooni.

Ilinichukua muda mrefu kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu kila siku: chakula kizuri kilikuwa kinaingia nyumbani kwetu kila asubuhi, kabla hakijafika kwenye karai. Viazi vilikuja kwa gunia, mayai ya zege, yaani chipsi mayai, kwa trei, na kabichi, nyanya, karoti na vitunguu vya kachumbari kwa ndoo. Kiazi kilekile kikichemshwa na ganda lake ni chakula kingine kabisa, na yai lilelile halihitaji mafuta ili liwe yai. Nikaanza kumsaidia mama kumenya, na kila siku nilimwomba viazi vitatu, yai moja na bakuli la kachumbari. Matembele niliyachomeka mwenyewe katika madumu ya mafuta yaliyokatwa, kwa kuwa kipande cha mtambaa kikipata udongo na maji huota bila kubembelezwa. Miezi iliyofuata haina la kusimulia.

Sasa nina miaka 19, na meno yangu yaliyobaki yote ni mazima. Jumatano na Jumamosi mimi ndiye ninayepika chakula cha jioni cha nyumba nzima, na ninajivunia hilo waziwazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiikatae sahani ya mama yako. Tatizo la sahani ya peke yako ni kwamba kila anayeiona anahisi amehukumiwa, na vijana wengi wanaotaka kula vizuri hushindwa hapo, wala si kwenye chakula chenyewe. Omba fedha ya chipsi za siku moja, uende gengeni. Nunua matembele au mchicha, maharage, dagaa kidogo, maana dagaa huliwa na mifupa yake na humo ndimo kalsiamu ilimo, pamoja na machungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, nasi wasichana tunayahitaji sana kwa sababu ya hedhi. Chai iache hadi muda upite baada ya kula, kwani huzuia madini hayohayo. Soda usimnyang'anye mtu. Jaza tu chupa za maji yaliyochemshwa, uzipange mbele kwenye friji.

Usipike sahani, pika sufuria. Anza Jumamosi hii, upike ya kuwatosha wote, baba akiwemo, na kama una mdogo wako, yeye ndiye akae kwenye mbuzi akune nazi.