Kuku kwenye shamba lisilo na mtu

Ndugu, umeuliza kama kuku wanaweza kukaa salama kwenye shamba ambalo hakuna anayelala. Wanaweza, ila banda ndilo litakuwa mlinzi wako, na wengi hukosea kwenye wavu. Ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita unazuia kuku wasitoke. Haumzuii mbwa wala kicheche kuingia. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, hasa sehemu ya chini na madirishani. Kisha laza mwingine ardhini kuzunguka banda, utokeze nje sentimita 40 hivi, uufukie kidogo. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Anakuta chuma, anakata tamaa.

Mlango wa kujifunga wenyewe giza likiingia unasaidia, ingawa haujui kama kuku mmoja kabaki nje. Chakula kisilale wazi, panya watakuja na nyoka atawafuata.

Mwizi wa miguu miwili ni habari nyingine, wavu anaukata kwa koleo. Kwa huyo, na kwa maji ya kunywa, tafuta jirani wa kupita kila siku, umlipe hata kwa mayai. Usipompata, usilete kuku kwanza.