Usibishane kuhusu part two kama hujarudi kuangalia part one

Aisee kuna siku nilidhalilika saluni mpaka leo nikipita pale vijana wananiita "Pacha". Nawapa stori yote ili yasije yakawakuta na nyie.

Ilikuwa Jumamosi jioni, foleni ndefu, kinyozi kafika mmoja tu, na kama kawaida ya saluni zetu ubishi ukaanza bila mtu kujua umeanzia wapi. Walikuwa kwenye mpira, wakahamia kwenye muvi, mmoja akasema hakuna muvi duniani ambayo part two imewahi kuizidi part one. Mimi nikadakia palepale, nikasema Terminator, ile ya pili imeiacha ya kwanza mbali sana na anayebisha aweke chipsi kuku hapa. Akatokea wa kuweka. Akaniuliza kistaarabu kabisa, kaka, imeizidi kwa lipi? Hapo ndo nikajichimbia kaburi. Nikamwambia kwanza stori, maana kwenye ya pili Arnold siyo yule Arnold wa mwanzo, yule wa mwanzo alikufa, huyu ni pacha wake, kaja kulipa dhambi za ndugu yake.

Kimya. Kinyozi akazima mashine. Halafu kikatoka kicheko ambacho nadhani mpaka wauza maji wa stendi walikisikia.

Jamani sikutunga mimi. Nimekulia Tandika na muvi nimezijulia kibanda umiza, kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na blanketi, TV ya chogo na deki, na pembeni kakaa jamaa na maiki anatafsiri. Wakubwa mtakumbuka, enzi hizo Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ndo alikuwa habari ya mjini na kila mtaa ulikuwa na mtu wake anayejaribu kumuiga. Wa kwetu Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza ila mdomo alikuwa nao, kwa hiyo asipoelewa anaweka cha kwake na picha linaenda. Sasa siku hiyo mkanda aliokuwa nao ni ule wa pili tu. Sisi mtaani tunajua Arnold wa Terminator ni muuaji, halafu hapa tunamuona anamlinda mtoto, watoto wakaanza kulalamika kwamba picha halieleweki, jamaa akashika maiki akasema tulieni nyie, huyu ni pacha wake. Tukatulia. Tukaelewa vizuri kabisa, na mimi nikaishi na hiyo miaka zaidi ya 20.

Ukweli ni kwamba Arnold mle ni roboti, mashine ni ya aina ileile na sura ileile, ila hii ya pili John Connor mwenyewe, akiwa mtu mzima huko mbeleni, kaikamata akaibadilishia programu akairudisha nyuma ije kumlinda yeye akiwa mtoto. Ukiangalia vizuri jamaa wa maiki hakukosea sana (bado namtetea).

Basi nikalipa chipsi kuku. Kesho yake nikapeleka flashi laibreri, muvi moja jero, nikachukua zote mbili, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nikaangalia ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, peke yangu, sauti ya Kiingereza, maandishi chini. Na hapa ndo ushauri wangu wa kwanza ulipotokea. Kama unataka kubishana kuhusu part two, rudi kaangalie part one kwa macho uliyonayo leo. Achana na ile ya kwenye kumbukumbu, kumbukumbu ina mambo mengi humo, ina joto la kibanda, ina karanga, ina jamaa wa maiki.

Terminator ya kwanza imetoka 1984, kaitengeneza James Cameron kwa dola milioni 6 na ushee, ambayo kwa Marekani ni hela ya kuungaunga. Na unaona kabisa kwamba ni ya kuungaunga. Karibu yote ni usiku, taa za mtaani, vichochoro vya Los Angeles. Arnold haongei, maneno yake ni ya kuhesabu. Sarah Connor, ambaye baadaye ndo mama yake John, ni dada wa watu tu, mhudumu wa mgahawa, anamwagiwa vitu na wateja, hajui chochote, na usiku mmoja anakuta kuna kitu kinamtafuta kimuue na hakichoki wala hakibembelezeki. Mimi nilikuwa nategemea ekshen, nikakuta picha la kutisha. Niliwasha taa ya sebuleni, sioni aibu kusema.

Kesho yake usiku nikaweka ya pili, ya 1991. Ile ambayo naijua kwa kichwa. Na kuna sehemu nimeiona labda mara kumi maishani ila siku hiyo ndo nikaiona. Sarah yuko hospitali ya vichaa, anatoroka, kakimbia kwenye korido na fimbo mkononi, amewashinda nguvu wale walinzi, anafika kwenye lifti, mlango unafunguka, anatoka Arnold na bunduki. Zamani pale kibandani tulikuwa tunashangilia, steringi kafika! Sarah yeye miguu inamuishia. Anateleza anaanguka kwa makalio, anajivuta kinyumenyume sakafuni, anainuka anakimbia kurudi kulekule kwa walinzi aliotoka kuwakimbia, anapiga kelele kwamba atatuua wote. Bora walinzi kuliko yeye. Sasa mtu ambaye hajaona ya kwanza anaona mwanamke kapaniki tu. Aliyeiona jana yake anajua hiyo sura ilimfanya nini, ilimuua mpaka mama yake. Na Arnold anamnyooshea mkono anamwambia njoo nami ukitaka kuishi, na hilo neno ndo lilelile Kyle Reese, askari aliyetumwa toka mbeleni kumlinda Sarah kwenye ya kwanza, alimwambia mle klabu mwaka 1984. Nilisimamisha muvi nikakaa kidogo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo bado nasema ya pili ni kali zaidi, ila sasa najua kwamba nusu ya ukali wake umewekwa kule kwenye ya kwanza, ya pili imekuja kuvuna tu.

Watu wengine kwenye ubishi wanakimbilia hela na tuzo. Ya pili ilitumia kama dola milioni 100, wakati inatoka ndo ilikuwa muvi ghali kuliko zote, ikachukua Oscar 4, ya kwanza haikupata hata moja. Sawa, ila hizo Oscar zilikuwa za sauti, mekapu na mambo ya kompyuta, yule adui wa part two, polisi wa chuma cha majimaji, na sehemu zake za kompyuta ukizijumlisha ni dakika chache tu kwenye muvi ya zaidi ya saa mbili. Mimi sehemu yake ninayoipenda hata siyo ile ya kuyeyuka, ni pale anapopenya kwenye nondo za geti, mwili wote unapita kama uji halafu bastola inagonga nondo inagoma kupita, anaigeuza anaendelea na safari. Kitu kidogo hivo.

Halafu subirini. Kwenye kusomasoma nikakuta kwamba Linda Hamilton, aliyecheza Sarah, ana pacha wake kabisa wa kufanana, na walimtumia kwenye hiyo hiyo ya pili, kule mwisho kiwanda cha chuma pale adui anapojigeuza Sarah, wanaonekana wawili. Yani pacha yupo! Nikarudi saluni mbio kudai kuku wangu. Wakagoma. Kinyozi akasema ulisema pacha wa Arnold, hukusema pacha wa Sarah. Hukumu ikapita.

Sasa kitu kingine ambacho kinaharibu ubishi wetu sisi hasa, ni kwamba tumezoea part two ambayo siyo part two. Muvi za kibongo na za Nigeria tulizokua nazo, stori ni moja, wameipiga picha kwa mkupuo, wameikata katikati ili ununue mara mbili. Part one inaishia mkono wa mama mkwe uko hewani, kofi lenyewe linatua kwenye part two. Hapo utabishana nini? Ni sawa na kubishana ipi tamu kati ya chapati nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Baahubali ya India nayo vilevile, ya 2015 inaisha Kattappa, askari mtiifu wa ufalme, anakiri kwamba ndo yeye alimuua Baahubali, tukakaa na swali la kwa nini mpaka 2017, na mimi nilikuwa nasema ya pili ni kali zaidi hadi nikajishtukia, siyo kwamba ni kali, nilikuwa na kiu ya miaka miwili tu, hata wangenipa maji ya bomba ningesifia.

Ukitaka kuona tofauti yenyewe chukua Living in Bondage ya Wanigeria. Ya 1992 na ile sehemu yake ya pili ni kitu kimoja kimeendelea. Halafu 2019 Ramsey Nouah akaja kutengeneza nyingine, watu wameshazeeka, sasa hivi stori ni ya mtoto wa yule Andy, mhusika mkuu wa ya kwanza. Hiyo ndo unaweza kuiweka mezani ukabishana nayo, maana imerudi na swali jipya. Kwa hiyo kabla hujapandisha sauti uliza kwanza, hii ni picha jipya au ni kipande kilichobaki?

Na kuna zile ambazo zimebeba jina moja ila hazifanani hata kidogo. Rambo. Sisi Rambo tunayemjua, kitambaa kichwani, mishale ya kulipuka, analipua kijiji, huyo ni wa part two ya 1985. Ya kwanza ya 1982 ni askari aliyetoka vitani Vietnam kichwa hakijakaa sawa, polisi wa mji mdogo wanamuonea, anakimbilia porini, na ndani ya muvi nzima anayekufa waziwazi ni mmoja, na huyo kaanguka kwenye helikopta. Mwisho Rambo analia kama mtoto. Nilimuwekea rafiki yangu mmoja shabiki wa Rambo tangu shule ya msingi, katikati akaniuliza hili ni picha gani? Ukiwauliza watu wawili ipi bora hapo wewe unauliza kama wanapenda ugali au wanapenda mpira.

Wasomi watakuletea Godfather. Ya 1972 ilichukua Oscar ya muvi bora na ya 1974 nayo ikachukua, Marlon Brando kapata tuzo kwa kucheza Vito na Robert De Niro akapata kwa kucheza Vito huyohuyo akiwa kijana. Ni hoja nzito, sina la kuongeza, ila part two ni saa tatu na dakika juu na mara ya kwanza nililala. Na kwenye Fast and Furious wala usihangaike na ya pili, pale iliyonifanya nisimame kwenye kochi ni ya tano, kule Rio wanavuta kasiki la hela na magari mawili barabarani.

Siku hizi mtu akianza ubishi mimi swali langu ni moja tu, uliona ipi kwanza, na ukiwa na umri gani? Utashangaa linavyopoza watu. Mara nyingi wanatetea ile iliyowakuta na miaka kumi. Ukishajua hilo hata hasira zinaisha, unamuacha na ya kwake. Na usiweke chipsi kuku.

Sasa mwezi uliopita shemeji yangu kaja na mtoto wake, yupo kidato cha tatu, anapenda muvi balaa, nikasema huyu nitamfundisha utaratibu, leo Terminator ya kwanza kesho ya pili, bila kuruka. Tukaanza vizuri. Nilichosahau ni kwamba ya kwanza kuna ile sehemu ya hotelini, Sarah na Kyle, na mama yake mtoto kakaa palepale anachambua mchele. Nilikumbuka imebaki kama sekunde tano. Nikabonyeza kusogeza mbele, nikajifanya rimoti imejibana, nikaipigapiga kwenye goti mpaka tukatokea kwenye kukimbizana. Hakuna aliyesema kitu.

Kesho yake tukaweka ya pili. Kwenye lifti dogo akanishika mkono kwa nguvu, nikasema moyoni hapo ndo penyewe. Kidogo mbele John anaanza kuelezea habari za baba yake, kwamba ni yule Kyle. Dogo akanigeukia.

"Anko, mbona jana hawakuwa wapenzi? Saa ngapi wamezaa?"

Shemeji akainama kwenye ungo wake mabega yanacheza. Mimi nikasema ngoja nikaangalie maji ya chai.