Uliza Dereva: Gari linafika ziwani, je, vijana?

SWALI

Mzee Dereva, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni mlezi wa vijana wa kanisa letu. Ninao 22, wa miaka 14 hadi 17, na kwa likizo ya Agosti wameniandama: wanataka kupiga kambi kando ya ziwa lililo juu mlimani. Wanasema Ziwa Victoria wamelichoka, wanaliona wakienda dukani. Wengi hawajazoea kutembea siku nzima na mzigo mgongoni, na mmoja wao anatembelea mkongojo, hivyo lazima gari lifike penye mahema. Tuna matatu mbili za watu 14 na mzee mmoja wa kanisa ametuahidi Land Cruiser yake. Kuna ziwa la namna hiyo? Na siku tano zitatosha?
Mama Vijana, Kondele

JIBU

Mama Vijana, salamu zimefika na ziwa lipo. Linaitwa Ellis, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kama mita 3,450 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hupanda kutoka lango la Chogoria mpaka karibu na maji. Maziwa mengine ya mlima ule, kama Alice na Michaelson, yanataka miguu. Najua ungependa nikutajie Elgon kwa kuwa ni jirani yenu, na kweli gari hupanda mbali sana kutoka lango la Chorlim, lakini upande wetu wa Kenya gari litakufikisha kwenye mapango na misitu, si kwenye ziwa.

Ningekuwa mvivu ningeishia hapo. Ila barua yako imenikumbusha asubuhi moja.

Nimeendesha basi la shule hapa Nakuru miaka kumi na tisa. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka vijana Mlima Kenya, saa kumi na moja alfajiri, injini inanguruma, mizigo imefungwa juu. Mama mmoja akaja mlangoni na blanketi la pili, thamosi, na karatasi ya kaki iliyokunjwa. Akanipa mimi, hakumpa mwalimu. Ndani ya karatasi mlikuwa na vidonge vidogo vya manjano vya foliki asidi, vya kusaidia damu. Akaninong'oneza, "Dereva, ukimwona amenyamaza sana, mpe maji." Nikamuuliza kwa nini. Akatazama chini. "Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwalimu hajui, mtoto hataki wenzake wajue."

Nilizima injini. Nikampigia simu muuguzi tunayesali naye, nikamwamsha usingizini, nikamweleza tunakwenda wapi. Akaniuliza swali moja tu: "Kuna urefu gani?" Nilipomtajia, akasema kijana huyo asipande hata kidogo.

Tukageuza safari, sote. Tulipiga kambi Elementaita, mita 1,670 hivi, ambako ni chini kuliko Nakuru yenyewe. Vijana walininunia mpaka jioni, walipoona ule mlima wa ng'ambo ulivyo kama mtu aliyelala chali. Yule kijana hakutajwa. Tulisema basi lina hitilafu ya breki, na Mungu anisamehe.

Sasa wewe unatoka Kisumu, na jambo hili linakuhusu kuliko lilivyonihusu mimi. Kandokando ya Ziwa Victoria watoto wengi huzaliwa na selimundu, kwa sababu anayerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria imekaa kwenu tangu enzi za mababu. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Kwenye urefu wa Ellis, kila pumzi ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile anayoipata mtu wa Mombasa. Chembe za damu za mgonjwa zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na maumivu yake wazazi wanayajua. Hata yule mwenye kurithi upande mmoja, ambaye nyumbani hana dalili yoyote, wapo walioumia bandama wakiwa juu milimani. Kijana akilalamika maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu, msimpe chai ya tangawizi, mshusheni.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu mahema, zungumza na kila mzazi peke yake. Si kwa fomu ya kupitishwa kanisani kiti kwa kiti, maana hapo hakuna atakayeandika ukweli. Uliza selimundu, uliza pumu, uliza moyo. Asiyejua hali ya mwanawe, damu hupimwa. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, na ikae mfukoni mwake, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Jambo la pili ni hili gari lenyewe mnalolitegemea. Mtu akipanda kwa miguu, mapafu humzuia. Anachoka, anakaa, analala njiani, na mwili unapata siku za kuzoea. Gari halina mapafu. Kisumu mko kama mita 1,130. Mkiondoka Jumatatu na kukimbia, Jumanne jioni mnaweza kuwa Ellis, mmepanda zaidi ya mita 2,300 mkiwa mmekaa mnakula njugu. Usiku huo vijana wengi wanaweza kuumwa kichwa, wengine kutapika na kukosa usingizi. Watu wa milima wana kanuni: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Anaanza kuyumba kama mlevi, anachanganyikiwa maneno, au anahema akiwa amekaa tu, huyo hasubiri asubuhi. Ndiyo maana gari moja huegeshwa likitazama mteremko, na ufunguo watu wawili wanajua uliko.

Basi siku tano hazitoshi kwenda Ellis. Tafuteni saba. Ya kwanza, Kisumu, Kericho, Nakuru, mpande Subukia mlale Nyahururu, zaidi kidogo ya mita 2,300. Pale kwenye maporomoko ya Thomson, yenye kimo cha mita 74, pana uwanja wa kupigia kambi. Ya pili, Nyeri, Karatina, Embu, Chuka hadi mji wa Chogoria. Matatu zenu ziishie hapo, ziegeshwe mahali salama, mkodi Land Rover za wenyeji kuongezea ile Land Cruiser ya mzee. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni kama kilomita 30 za msitu na mianzi, na mvua ikinyesha nusu saa tu, njia inakuwa sabuni. Usikubali dereva wa matatu akuambie "nitajaribu". Siku ya tatu na ya nne laleni langoni, kwenye mita 2,950. Siku ya nne mpande ziwani mchana, mle chakula, mrudi kulala langoni. Usiku wa tano ndio wa ziwani, na ni mmoja tu. Ya sita kushuka, ya saba mko Kondele.

Ushauri kwa mzee mwenye Land Cruiser: injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake kwenye urefu ule. Asishangae gari likikohoa, na asipakie vijana kumi na mizigo yao kana kwamba anakwenda Ahero.

Chakula nitakisema kwa sababu kiliwahi kunitia aibu. Nilibeba githeri kavu, mahindi na maharage, nikawaambia vijana saa tatu itakuwa tayari. Saa sita usiku tulikuwa bado tumezunguka sufuria na vijiko mkononi, maharage yanagonga meno kama kokoto. Huko juu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 88 au 89 hivi, hayafiki 100, hivyo hata uongeze moto namna gani maharage hayajali. Chemsheni maharage nyumbani kabisa. Beba wali, mandazi, unga wa uji na omena iliyokaangwa ikakauka. Nyinyi wa Kisumu omena hamfundishwi. Mpike kwa gesi. Huko juu ni nyasi kavu na vichaka vyenye mafuta, na moto wa mwezi Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la mlima ule. Malipo ya mbuga hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hiyo lipieni mkiwa mjini penye mtandao, na mwende na barua ya kanisa na vitambulisho vya shule.

Umesema siku tano, nami sitaki kukurudisha mikono mitupu. Ningekuwa mimi, mwaka huu ningewapeleka Ol Bolossat, karibu na Nyahururu. Ni ziwa la asili la nyanda za juu, mita 2,340 hivi, safu ya Nyandarua upande mmoja na vilima vya Dundori upande wa pili. Mto Ewaso Narok hutoka humo na kwenda kuanguka pale Thomson. Matatu zenu zinafika, wa mkongojo anafika, na korongo wenye taji huzalia kwenye majani yake. Hema zisipigwe ukingoni, kwa kuwa kuna viboko na usiku hutoka kula nyasi. Laleni Nyahururu, mchana mwende ziwani na mwenyeji. Hata huko, mwenye selimundu aulizwe daktari wake kwanza. Halafu wewe na watu wazima wawili mwende Ellis mwezi wa Januari au Februari bila vijana, mlale, mwone vichwa vyenu vinasemaje. Agosti ya mwaka utakaofuata ndipo uwapandishe. Likizo ya Aprili usithubutu, hiyo ni masika.

SWALI

Mzee, sisi ni kikundi cha vijana cha Njoro, tunakwenda kulala Menengai. Baridi ya kule juu inajulikana. Tunaweza kuingiza jiko la makaa ndani ya hema likiwa limeshawaka vizuri bila moshi?
Wa Njoro

JIBU

Hapana. Makaa yaliyowaka vizuri bila moshi ndiyo yanayoua, kwa sababu hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mtu husinzia akidhani ni joto limemkolea. Jiko libaki nje, hata mlangoni lisikae.

Chemsheni maji, myatie kwenye chupa ngumu, mkaze kifuniko, mwivike soksi, kila mtu alale na yake miguuni. Tandikeni magazeti na maboksi chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka ardhini. Kifuniko mkikague mara mbili. Mimi changu kililegea usiku mmoja, na asubuhi mwalimu mkuu alinikuta nimeanika blanketi juu ya basi, akaniuliza kwa upole kama nina tatizo lolote la kiafya.